Haki Ambazo Katiba ya Marekani Haikuziandika

Mwezi Mei 1920, katika shule ya Kilutheri jimboni Nebraska, mwalimu Robert Meyer alimfundisha mtoto wa miaka 10 kusoma hadithi za Biblia kwa Kijerumani. Alishtakiwa na kutozwa faini ya dola 25, kwa kuwa sheria ya jimbo ya 1919, iliyotungwa wakati chuki ya vita dhidi ya Wajerumani ilikuwa bado haijapoa, ilikataza kumfundisha lugha ya kigeni mtoto ambaye hajamaliza darasa la nane. Katiba ya Marekani haitaji popote haki ya mzazi kuchagua lugha atakayofundishwa mwanawe. Hata hivyo, mwaka 1923 Mahakama ya Juu ilitengua hukumu hiyo kwa kura 7 dhidi ya 2, ikaeleza kwamba uhuru unaolindwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba hiyo unajumuisha kufunga ndoa, kujenga familia na kulea watoto, na kwamba kujua Kijerumani hakumdhuru mtu. Sisi tunaolea watoto kwa Kiswahili hapa Marekani tunapaswa kuifahamu kesi hii.

James Madison, aliyeandika rasimu ya marekebisho ya kwanza ya Katiba, aliliona tatizo la haki zisizoandikwa mapema, mwaka 1789: ukiorodhesha haki, atatokea wa kudai kwamba zisizoorodheshwa hazipo. Ndiyo maana Marekebisho ya Tisa yanasema kutajwa kwa baadhi ya haki kusichukuliwe kuwa kunazikana nyingine zilizobaki kwa wananchi. Ya Kumi, yaliyopitishwa pamoja nayo mwaka 1791, yanayaachia majimbo, au wananchi, mamlaka ambayo serikali kuu haikupewa.

Wengi wanaotetea mamlaka ya majimbo huishia kwenye majimbo na kuwaruka wananchi, na hilo linanisikitisha, kwa sababu jimbo nalo ni serikali, lina polisi wake na jela zake. Mwaka 1833, mmiliki wa gati huko Baltimore, ambaye kazi za jiji zilimjazia mchanga hata meli zikashindwa kutia nanga, aliambiwa na Mahakama ya Juu kwamba orodha ya haki, yaani marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba, inaibana serikali kuu peke yake. Ilibidi vita vya wenyewe kwa wenyewe vipiganwe ndipo Marekebisho ya 14, mwaka 1868, yakaanza kuyabana majimbo.

Mwaka 2022 Mahakama iliporudisha suala la utoaji mimba kwa majimbo, ilisisitiza kuwa haki isiyoandikwa lazima iwe na mizizi mirefu katika historia na desturi za taifa. Watu wanatofautiana kwa dhati kuhusu utoaji mimba. Mimi nahofia kipimo chenyewe. Mwaka 1967 majimbo 16 yalikuwa bado yanakataza ndoa kati ya weupe na weusi, na desturi hiyo ilikuwa ya karne nyingi. Richard na Mildred Loving, mume mweupe na mke mweusi, walihukumiwa kifungo cha mwaka 1, kikaahirishwa kwa sharti kwamba waihame Virginia kwa miaka 25. Mahakama iliwaokoa kwa kuegemea usawa mbele ya sheria pamoja na uhuru wa kuoana. Ingeipima ndoa yao kwa desturi za jimbo hilo peke yake, wangeshindwa.