Picha za harusi kwenye kompyuta ya nyumbani: kupanga kamera mbili ziende kwa saa moja

Ninachokitaka ni hiki: bibi akae sebuleni, abonyeze kitufe kimoja, na picha za harusi ya ami ya mwaka 2010 zipite mbele yake kama mambo yalivyokwenda. Kwanza usiku wa hina, kisha ndoa msikitini, halafu ukumbini. Picha zilipigwa kwa kamera mbili, Canon ya nyumbani hapa Unguja na Sony ya shangazi, aliyekuja na kamera yake kutoka Muscat. Miaka yote hii hazijawahi kuonekana pamoja.

Kuzitoa kwenye kadi

Kadi ya Canon ni ya GB 8, na kisomaji cha kadi kilichomo kwenye kompyuta yetu hakikuitambua kabisa. Ni cha zamani, cha kabla ya kadi za SDHC zilizotoka mwaka 2006, kwa hiyo kadi inayozidi GB 2 kwake ni kitu kigeni. Nikatumia waya wa USB wa kamera yenyewe, betri ikiwa imejaa, na picha zikaonekana papo hapo. Zimo kwenye folda ya DCIM, ndani yake 100CANON. Mpangilio huo ni wa kamera karibu zote, kwa hiyo ukichomeka kadi ya mtu yeyote, tafuta DCIM kwanza.

Nilinakili folda nzima kwenye diski ya kompyuta, kisha nikanakili tena kwenye diski ya nje. Kadi nimeirudisha kwenye kijaluba chake na swichi ya pembeni nimeisukuma kwenye kufuli, isiandikwe wala kufutwa kitu. Picha haifunguliwi kwa kutazamwa kabla haijawa na nakala; hilo kwangu halina mjadala.

Za shangazi zilikuja kwa WhatsApp, zimepunguzwa ukubwa na tarehe yake ya ndani imeondolewa. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi. Zile picha naomba uzitume tena, lakini kama hati, usizitume kama picha."

"Marahaba mwanangu. Kwani zile hazionekani?"

"Zinaonekana, ila hazisemi zilipigwa saa ngapi."

Akazituma upya usiku uleule, nzimanzima. Allah amlipe kheri.

Zilizolala

Mama alikuwa wa kwanza kulalamika: "Hii imelala, mwanangu, nipinde shingo?" Picha ya wima huhifadhiwa imelala vilevile kama kihisio cha kamera kilivyo, na pembeni kamera huandika namba ya kuielekeza programu: 1 maana yake iache, 6 maana yake izungushe robo kufuata mshale wa saa, 8 robo kinyume chake. Programu ya kutazamia tuliyokuwa nayo haiisomi namba hiyo. Nimeweka IrfanView, ambayo inaisoma, na pia inaweza kuzungusha JPEG bila kuibana upya, hivyo picha haipotezi ubora. Inafanya hivyo vizuri kabisa pale ambapo vipimo vya picha vinagawika kwa 16. Za Canon yetu ni pikseli (nukta za picha) 3648 kwa 2736, na zote mbili zinagawika.

Vipimo hivyohivyo vimenionyesha jambo jingine. Skrini yetu ni 1366 kwa 768. Picha ya kamera ikijaa kimo chote cha skrini inachukua pikseli 1024 kwa 768 tu, yaani chini ya sehemu moja kati ya kumi na mbili ya picha halisi. Kwa hiyo kila picha naifungua pia kwa asilimia 100 na kuisogeza taratibu. Ndipo nilipowaona watu waliosimama nyuma ukumbini, na hina ya bi harusi mstari kwa mstari. Mama alikaa kwenye picha moja hadi chai ikapoa.

Saa

Hapa ndipo kazi ilipo. Kupanga kwa majina hakusaidii, maana Canon huita IMG_ na Sony huita DSC, basi kamera moja inamaliza harusi yote ndipo nyingine ianze. Kupanga kwa tarehe ya kuundwa kwa faili kunaleta siku niliyonakili. Tarehe ya kweli imo ndani ya picha, kwenye Exif, yaani maelezo ambayo kamera huyaandika ndani ya faili, mahali panapoitwa DateTimeOriginal.

Nikapanga kwa hiyo, na bwana harusi akawa anatia saini baada ya kutoka msikitini. Kamera ya shangazi ilikuwa kwenye saa za Muscat, saa moja mbele yetu. Lakini haikuwa saa moja kamili, na ushahidi ukapatikana kwenye picha zenyewe: kamera zote mbili zilipiga tukio lile la saini kwa wakati mmoja, kalamu ipo palepale, na saa ya ukutani msikitini inaonyesha kumi na dakika arobaini. Canon imeandika 16:41, Sony 17:44. Tofauti ni saa moja na dakika tatu.

Nikatumia ExifTool, programu ya kubadili maelezo hayo kwa amri za kuandika, kwenye folda ya Sony peke yake, nikirudisha saa yake nyuma:

`exiftool "-AllDates-=1:03" sony`

Programu hii huacha faili la awali pembeni likiwa na _original mwishoni mwa jina, ndiyo maana naiamini. Baada ya hapo nikaagiza kila picha ya kamera zote mbili ipewe jina la wakati wake, mwaka mwezi siku kisha saa dakika sekunde:

`exiftool -d "%Y%m%d_%H%M%S%%-c.%%e" "-FileName<DateTimeOriginal" harusi`

Wakati ukiwa ndani ya jina, programu yoyote itazipanga sawasawa, hata kwenye televisheni kwa flashi. Sitegemei tena hisani ya programu moja.

Sasa zinakwenda. Shangazi anapiga kutoka upande wa wanawake, ami mdogo, mwenye Canon yetu, kutoka upande wa wanaume, na kwa mara ya kwanza tunaona pande zote mbili za dakika ileile.

Kinachofuata

Kuna kadi ya tatu, ya kamera ambayo betri yake ilikaa imeisha na saa ikarudi tarehe 1 Januari 2008. Picha zote zinadai ni za siku hiyo. Mfuatano wao ni mzima, unaokosekana ni mwanzo tu. Nikipata picha moja yenye siku inayojulikana, zote zitasogea pamoja. Bibi ameshaniambia kanga za sare zinazoonekana kwenye picha ya nne ni za maulidi ya mwaka gani, na jirani mmoja analo tangazo la maulidi hayo lenye tarehe. Nakwenda kulichukua Ijumaa.