Namna nilivyoyamudu maneno ya walaji bila kukariri kamusi

Nilipoanza mafunzo ya kuongoza watalii mjini Arusha, karibu kila aliyenitangulia katika kazi hii alinipa ushauri uleule: nunua kamusi nene ya Kiingereza, kariri maneno kumi kila siku kuanzia herufi A, na msimu wa wageni utakukuta ukizungumza kama profesa. Nilitii. Kamusi yenyewe, iliyotumika na kukosa jalada, ilinigharimu fedha ambazo zingenilisha mchana kwa wiki nzima. Neno nililolikariri Jumatatu lilikuwa limekwisha kutoroka kabla ya Ijumaa, na yale machache yaliyokubali kubaki hayakuwa na kazi yoyote hifadhini, kwa kuwa hakuna mgeni anayeuliza habari za "abacus" huku akimtazama simba. Wanaoendelea kutoa ushauri huo hadi leo, nadhani hawajawahi kuufuata wenyewe.

Aliyenitoa gizani ni ndege. Katika somo moja mkufunzi alitaja jina la kisayansi la shashi, yule anayepanda mgongoni mwa nyati na kifaru kutafuta kupe, kuwa ni Buphagus, kisha akapita kwenda kwa ndege mwingine. Mimi sikupita naye. Kipande cha mwisho cha jina lile nilikuwa nimekwisha kukiona katika "oesophagus", yaani umio, tangu biolojia ya sekondari, na tena katika "sarcophagus", jeneza la mawe. Ndege, umio na jeneza wana udugu gani? Jioni ile nilipata jibu: wote wamezaliwa na kitenzi cha Kigiriki phagein, kula. Shashi ni mla ng'ombe, jina linaloonekana la kumwonea mpaka umshuhudie akichokonoa kidonda cha mnyama ili anywe damu. Umio ni mchukuzi wa kinacholiwa. Jeneza nalo ni mla nyama, kwa sababu Plinio, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika kwamba jiwe la Assos, katika Uturuki ya leo, lilimaliza maiti kwa siku 40, likabakiza meno tu. Kama jiwe lilifanya hivyo kweli si hoja yangu. Tangu nikisome kisa hicho, neno lile halijaniponyoka.

Basi nikaanza daftari jipya lisilofuata alfabeti. Kila neno lenye phag ndani yake nililitafutia mlaji niliyemwona kwa macho, na kipande chake cha mbele nikakitafutia neno ambalo tayari nalijua. "Xylophagous" lilinitisha hadi nilipokumbuka xylophone, ala ile ya vibao. Kumbe ni mla mbao tu. "Geophagy" limeazima kichwa cha jiografia, nalo ni ulaji wa udongo, jambo lisilohitaji safari ya porini, maana udongo wanaoutafuna wajawazito unauzwa sokoni. Wageni, hata hivyo, nawasimulia habari za tembo wa Mlima Elgon, upande wa Kenya, ambao huingia katika giza la pango la Kitum na kuvunja kuta kwa pembe zao ili wale mwamba wenye chumvi. "Hematophagous" nimempa mbung'o, kwa kuwa kwake dume na jike wote hunywa damu, tofauti na mbu ambaye jike peke yake ndiye msumbufu. "Coprophagous" ni yule mdudu anayeviringisha mavi, na neno hili sijapata kulifundisha mara mbili kwa mgeni yeyote.

Ninalolipenda kuliko yote ni "oophagous", ambalo mtu akiliona huapa kwamba mchapaji amekosea. Ni mla mayai. Yupo nyoka asiye na sumu ambaye hulimeza yai zima, akalipasua kooni kwa ncha za mifupa ya uti wa mgongo, akateremsha ute na kiini, kisha akatema ganda likiwa limebanwa vizuri. Ajabu ni kwamba upasuaji huo hufanyika ndani ya umio, kwa hiyo maneno mawili ya ukoo mmoja hukutana kwenye yai moja.

Siku niliyojua kwamba daftari limelipa, nilikuwa na mgeni mzee aliyewahi kufundisha biolojia. Tulisimama mbele ya kichuguu kirefu, naye akasema kwa sauti ya darasani kwamba mchwa ni "xylophagous". Nilimjibu kwa heshima kwamba amesema kweli, lakini wengi wa wanaojenga vichuguu vikubwa namna ile hulima kuvu humo ndani juu ya mabaki ya miti waliyoitafuna, kisha wakaila kuvu hiyo, hivyo "mycophagous" nalo linawastahili. Akanyamaza kidogo, akatoa kalamu, akaandika. Bahasha ya siku ile sitataja uzito wake.

Kwa wanaoendelea hadi Zanzibar ninao Ichthyophagi, walaji samaki, watu wa pwani ya Bahari ya Shamu waliotajwa katika mwongozo wa wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, uleule unaofika mpaka soko la Rhapta katika pwani yetu. Kwa wageni wa kawaida natumia carnivore, yaani mla nyama, na wenzake wa Kilatini, maana si kila mtu amekuja likizo ili afundishwe Kigiriki.

Dada yangu, ambaye ni muuguzi, aliliazima daftari akaongeza ukurasa wake, nami nikajifunza kuiangalia kwa makini ile g: "dysphagia" ni shida ya kumeza, "dysphasia" ni shida ya usemi, na anayeziandika haraka anaweza kumpa mgonjwa wa koo ugonjwa wa ubongo.