Nilivyopata muda wa kweli wa programu ya ripoti

Nilikabidhiwa programu ya Python inayosoma miamala ya siku na kutoa ripoti. Kila kazi ikiisha, inaandika kwenye logi imetumia sekunde ngapi. Nikipitia logi hizo nikakuta mstari unaosema: sekunde -0.83. Yaani kazi imemalizika kabla haijaanza!

Programu ilikuwa inachukua time.time() mwanzoni na mwishoni, kisha inatoa ya mwanzo kwenye ya mwisho. Amri hiyo huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970, na huzisoma kwenye saa ya mfumo, ambayo hurekebishwa. Seva yetu ilikuwa inasawazisha saa yake kwa NTP (njia ya kompyuta kuchukua saa sahihi kupitia mtandao), na ikigundua imetangulia sana inarudishwa nyuma kwa mkupuo. Nililinganisha logi za mfumo na zile za programu: saa ilirudishwa nyuma dakika ileile yenye sekunde hasi.

Hasi angalau inajitangaza. Kilichoninyima raha ni kazi ya sekunde tano inayoandikwa tatu, maana hiyo nani ataishtukia?

Nikaandika hivi:

mwanzo = time.perf_counter()
tengeneza_ripoti()
muda = time.perf_counter() - mwanzo

perf_counter ilikuja na Python 3.3, mwaka 2012. Namba yake ikiwa peke yake haikuambii kitu. Chukua mbili, utoe, ndipo upate muda. Hairudi nyuma hata saa ya mfumo ikibadilishwa. Ila usiihifadhi ili uje kuilinganisha na ya mashine nyingine. Saa na tarehe ya kuanza kazi nimeendelea kuzichukua kwa time.time(), kwa sababu wakaguzi wanazihitaji.

Kwa vipande vidogo vya msimbo natumia timeit, zana ya Python inayorudia kazi mara nyingi. Hapo naangalia muda mfupi kuliko yote, si wastani, kwani ule mrefu mara nyingi umeongezwa na programu nyingine zinazogombania prosesa.

Kilichonifaa zaidi ni kuweka process_time pembeni ya perf_counter. Yenyewe huhesabu muda ambao prosesa imeifanyia kazi programu yako tu, kusubiri hakumo. Ripoti moja ilionyesha sekunde 4.1 kwa perf_counter, na 0.3 kwa process_time. Zilizobaki zote programu ilikuwa imekaa inasubiri kanzidata. Nikaachana na kuhangaika na Python, nikaweka faharasa (orodha inayoisaidia kanzidata kupata rekodi haraka) kwenye safu ya tarehe ya muamala, na ripoti ikaanza kutoka chini ya sekunde moja.