Ronald Ross na safari ya kimelea ndani ya mbu

Katika historia ya utafiti wa malaria, kazi ninayoirejea mara kwa mara ni ya Ronald Ross, daktari Mwingereza aliyezaliwa Almora, India, mwaka 1857. Mwaka 1894, jijini London, daktari Patrick Manson alimweleza kwamba huenda mbu ndiye anayehusika na ugonjwa huo, naye akarudi India na kuwapasua mbu mmoja baada ya mwingine chini ya hadubini, hadi tarehe 20 Agosti 1897, mjini Secunderabad, alipoviona vimelea vya malaria katika ukuta wa tumbo la mbu wa aina ya Anofelesi aliyefyonza damu ya mgonjwa. Mwaka uliofuata, akiwa Calcutta, alitumia ndege wenye malaria kuonyesha kwamba vimelea hufika hadi kwenye tezi za mate za mbu. Kwangu hatua hii ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa inaeleza jinsi mbu anavyoambukiza anapouma. Nasikitika kwamba Muhammad Bux, msaidizi wake huko, hutajwa kwa nadra. Ross alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Baadaye aligeukia hisabati, akaonyesha kwamba si lazima kumwangamiza kila mbu ili malaria ikome, bali yatosha kuwapunguza chini ya kiwango fulani.