Tafakari ya wiki: Adui akija na kiu na vita bado haijaisha

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tunasoma 2 Wafalme 6:8-23, Elisha na jeshi la Washami, ila kabla hamjafungua Biblia ngojeni niwape stori moja ya Nepal.

Mwaka 1814 Waingereza wa Kampuni ya East India walipigana na Wanepali. Pale Nalapani, karibu na Dehradun (leo ni India), palikuwa na ngome ndogo juu ya kilima, hata kuta zake zilikuwa hazijaisha kujengwa, na ndani yuko kapteni Balbhadra Kunwar na watu kama 600, wanawake na watoto humohumo. Waingereza wakaja zaidi ya 3,000 na mizinga. Inasemekana barua ya kumtaka asalimu amri ilimfikia usiku wa manane, akaichana, akasema huu sio muda wa kuandikiana barua 😅 Tarehe 31 Oktoba jenerali wao Gillespie akapigwa risasi akafa, na mwezi mzima ngome ikawashinda. Mwisho wakakata maji. Hebu waza, majeruhi wamelala hapo, mizinga inapiga kutwa na mitungi mikavu. Tarehe 30 Novemba Balbhadra akatoka na watu 70 hivi waliobaki wakapenya katikati ya adui wakaenda zao.

Baadaye Waingereza haohao wakajenga minara miwili pale, mmoja wa Gillespie na mwingine wa Balbhadra na askari wake, wakamwandika kwenye jiwe kwamba alikuwa adui shujaa. Wengi wakisimulia wanaishia hapo. Mimi huo mnara haunigusi kihivyo jamani, kumsifia mtu mambo yakishaisha ni rahisi, misibani si tunasifia kila mtu.

Kinachonigusa ni askari mmoja wa Balbhadra, hata jina lake silijui. Mizinga inaendelea, yeye akatoka ngomeni anapunga mkono, Waingereza wakasitisha kupiga, alipofika wakakuta taya limevunjwavunjwa, amekuja kutibiwa kwa adui! Wakamtibu. Alipopona akaomba ruhusa arudi kwao akaendelee kupigana nao.

Najua kuna mtu atasema hao hawakuwa hata wakristo. Sawa, na Washami wa Elisha je? Mfalme wa Israeli anao mkononi kabisa, anauliza niwapige? niwapige? Elisha anamwambia wape chakula na maji, wale, wanywe, warudi kwa bwana wao. Hakuwaapisha kwanza. Mstari wa 23 unasema vile vikosi havikuja tena, na wahubiri wengi tunafungia Biblia hapohapo, ila sogea mstari wa 24 umkute Ben-hadadi, mfalme wa Washami, anakuja na jeshi lake lote kuuzingira Samaria. Yaani chakula kililiwa na vita ikaja, na hakuna mahali Elisha anaambiwa alikosea.

Sasa yule ndugu mnayegombea naye kiwanja, kesi bado iko baraza la kata, mtoto wake akiugua usiku na gari unalo wewe, utamwambia tumalize kesi kwanza?

Someni mpaka mstari wa 33, Jumatano kwenye ibada ya nyumbani tunaanzia hapo kwenye wa 24. Na tumwombee kila mmoja wetu yule ambaye bado hatujapatana naye, kwa jina lake kabisa.