Sauti kwanza, picha baadaye

Kijana anayetaka kuingia uandishi wa habari wa mtandaoni hapa Mombasa namshauri aanze na sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo. Maneno yasiyosikika huyapita hapo hapo.

Kivuko cha Likoni ni mtihani mzuri: upepo, honi, injini, umati. Bana maikrofoni ndogo kifuani mwa unayemhoji, kama shibiri moja chini ya kidevu, uivike manyoya ya kuzuia upepo, maana sponji peke yake haifui dafu ufuoni. Msimamishe aupe upepo mgongo. Weka simu unayorekodia katika hali ya ndegeni, la sivyo ikiita rekodi inaweza kukatika. Rekodi sekunde 10, sikiliza kwa iafoni, ndipo uanze. Mkimaliza, nyamazeni nusu dakika urekodi sauti ya mazingira matupu: hiyo ndiyo itakayoziba mapengo wakati wa kuhariri.

Ukitoka chumba chenye AC, lenzi hushika ukungu kwa unyevu wa pwani. Subiri dakika kadhaa. Chumvi ya bahari usiisugue kavu, itakwaruza. Tumia kitambaa laini chenye unyevu kidogo.

Kadi ya uandishi hutolewa na Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, nayo huhuishwa kila mwaka.

Wakati wa mapumziko napenda kupiga picha Mji wa Kale asubuhi, jua likiwa bado chini. Mwanga wa pembeni huzipa nakshi za milango kina. Saa sita zote huonekana bapa. Watu, hasa kina mama, waombe ruhusa kwanza.