Hapana Jina Jingine

Wapendwa katika Bwana,

Tukisoma Matendo 4:12, kwamba hapana jina jingine tulilopewa la kuokolewa kwalo ila la Yesu, mawazo yetu hukimbilia kwa mtu wa mbali: asiyeamini, au wa dini nyingine. Lakini Petro alikuwa akisema na nani siku ile? Mbele yake waliketi makuhani wakuu wa Wayahudi, Anasi na Kayafa, pamoja na wakuu, wazee na waandishi. Hao hawakuwa wapagani. Walisali, walifunga, walitoa zaka, na Torati waliijua barabara. Na pale pale mbele yao alisimama yule kiwete wa Mlango Mzuri wa hekalu, aliyeponywa kwa jina la Yesu, mtu aliyepita miaka 40, aliyezoea kubebwa na kuwekwa mlangoni ili aombe. Sasa amesimama kwa miguu yake, na baraza zima halina la kukana.

Kwa watu wa dini kama hao ndipo Petro aliposema: "Wala hakuna wokovu katika mwingine awaye yote."

Basi neno hili linatugusa sisi kwanza, tulio ndani ya kanisa. Miaka yangu ya kuketi ibadani haiokoi, wala kwaya, wala cheo, wala sadaka, wala wazazi waliomcha Mungu. Naona ni rahisi kuitetea aya hii mbele ya wengine huku moyoni tukiegemea wema wetu wenyewe.

Wapo wanaouliza kwa uchungu, na swali lao si la kupuuzwa: kwa nini Mungu mwenye upendo afungue njia moja tu? Mimi swali hilo hunipeleka Gethsemane, mahali Yesu alipoomba usiku wa kukamatwa kwake. Yesu ameanguka kifudifudi, wanafunzi wamelala, naye anaomba: "Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke." Akarudi akaomba tena, na mara ya tatu, maneno yale yale. Ikiwezekana! Kama sheria ingetosha, kama juhudi ya mwanadamu ingetosha, je, Baba angemnyima Mwanawe mpendwa usiku ule? Kikombe hicho cha mateso hakikuondolewa. Paulo naye anawaambia Wagalatia waziwazi kwamba kama haki hupatikana kwa njia ya sheria, basi Kristo alikufa bure. Ndiyo maana siwezi kusema njia zote ni sawa. Nikisema hivyo, sijui nitaueleza vipi msalaba.

Wala njia hii si nyembamba kwa maana ya kuwabagua watu. Mtazame mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu. Mikono imepigiliwa, hawezi kurudisha alichoiba, hawezi kutenda jema hata moja. Aliomba akumbukwe tu, akajibiwa, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Kama wokovu ungetegemea matendo, angekufa bila tumaini. Kwa kuwa ni kwa Kristo peke yake, aliingia.

Petro huyohuyo, katika waraka wake wa kwanza, anatuagiza tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, lakini kwa upole na kwa hofu. Hatukupewa jina hili ili tushinde mabishano. Juma hili mtaje mbele za Mungu mtu mmoja umpendaye ambaye bado hajamwamini Yesu. Mwombee kila siku. Akikuuliza, mweleze Yesu ni nani na amekutendea nini, kisha msikilize naye.